Mwongozo kamili wa kuipanga mashine ya santuri ili sindano isiruke

Karibu kila DJ kijana anayeniletea mashine ya santuri hapa Dodoma huja na lalamiko lile lile, na mara nyingi ushahidi wake umekaa juu ya kichwa cha mkono wa sindano: sarafu ya shilingi 200 iliyobandikwa kwa selotepu. "Fundi, nimeongeza uzito lakini bado inaruka." Sarafu ile peke yake inazidi mkandamizo wote ambao sindano nyingi za DJ zimetengenezwa kuustahimili, kwa hiyo kijana hajautibu ugonjwa, bali ameongeza wa pili.

Mwongozo huu unakwenda kutoka sakafuni kupanda juu: meza kwanza, kisha mashine, kisha mkono, kisha sindano, na sauti mwisho. Mpangilio huo usiubadilishe, kwa sababu huwezi kupima uzani wa mkono kwenye mashine iliyoinama, wala huwezi kuilaumu sindano wakati meza yenyewe inatikisika.

Ili tusipotezane njiani: sehemu ya duara inayozunguka nitaiita sinia, kitambaa kinacholala juu yake nitakiita mkeka, uzito wa duara ulio nyuma ya mkono nitauita jiwe, na ule mstari uliochimbwa katika santuri, ambao sindano hupita ndani yake, nitauita mfuo.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Pima maji fupi, kama ile ya waashi lakini ndogo.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu au chini yake. Aina wanayotumia masonara inatosha.
- Bisibisi ndogo bapa, rula yenye milimita na tochi.
- Kibao kizito cha zege au jiwe bapa, kimoja kwa kila mashine, chenye upana wa kuitosha.
- Vipande vya sponji ya godoro gumu, au mipira minne ya tenisi iliyokatwa nusu.
- Brashi laini ya santuri, brashi ndogo ya sindano na vitambaa viwili visivyotoa nyuzi.
- Maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Hakikisha muuzaji hakupi asidi, maana vyote viwili hukaa kwenye rafu moja na wengine huviita jina moja.
- Karatasi ya maelekezo ya sindano yako. Ukiipoteza, tafuta takwimu za mtengenezaji kwa jina kamili la sindano, si kwa kukisia.

Kama umenunua mashine iliyotumika kutoka Japani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Nyingi za huko zimetengenezwa kwa volti 100, nasi tunatumia 230, hivyo zinahitaji transfoma ya kupunguza umeme.

Hatua ya 1: Meza na sakafu

Nitakaa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia na ndipo vijana wanapoparuka kwa haraka kubwa.

Weka glasi yenye maji nusu juu ya meza, mwombe mwenzako arukeruke hatua mbili kutoka ilipo meza, kisha yatazame maji. Ukiona viduara vidogo vya haraka juu ya maji, meza inapokea mitetemo kutoka sakafuni. Ukiona maji yakiyumba taratibu upande hadi upande, meza yenyewe ni dhaifu au imesimama juu ya kitu kinachonesa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja huzidisha jingine.

Mitetemo ya haraka hutibiwa kwa uzito uliokalia kitu laini. Tandaza vipande vinne vya sponji kwenye meza, weka kibao cha zege juu yake, kisha mashine juu ya kibao. Kibao kizito hakikubali kusukumwa na mitetemo midogo ya haraka, na sponji huimeza kabla haijafika kwenye sindano. Sponji inapaswa kubonyea hadi karibu nusu ya unene wake. Ikilala bapa kabisa imeshindwa kazi, na isipobonyea kabisa ni ngumu mno na haizuii chochote.

Kuyumba kwa taratibu hakutibiwi kwa sponji hata kidogo. Muziki wenye mapigo 120 kwa dakika huwafanya wachezaji wakanyage mara 2 kwa sekunde, na mwendo wa polepole kiasi hicho hupita katika sponji kama vile haipo, pengine hata hukuzwa nayo. Dawa yake ni meza yenye miguu iliyofungwa kwa mbao za mshazari, au kuhama kabisa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa aibu. Katika send-off moja ya Area D nilipanga mashine mbili juu ya jukwaa la mbao, nikazipa sponji ya kutosha kulaza mtoto, nikajiona mjuzi. Akina mama walipopanda jukwaani na ngoma zao za muheme, mbao zikaanza kupanda na kushuka, na sindano ikasafiri kutoka ukingo wa santuri hadi katikati bila kupiga hata ubeti mmoja. Nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, na ndicho ninachofanya sasa, ni kukataa jukwaa la mbao na kuomba pembe moja ya ukumbi yenye sakafu ya zege, hata kama haipendezi kwenye picha.

Meza za plastiki za kukodi zisitumike. Sherehe ikiwa chini ya turubai kwenye udongo mtupu, chimbia kidogo miguu ya meza au iweke juu ya matofali yaliyolazwa, na uiweke jenereta mbali kadiri waya unavyoruhusu.

Umefaulu ikiwa maji ya glasi, iliyowekwa juu ya kibao, hayatikisiki mwenzako anapotembea kwa kishindo karibu na meza, na yanatulia mara moja anaporuka.

Hatua ya 2: Usawa wa mashine

Zima mashine, weka pima maji juu ya sinia, uisome kwa kuielekeza mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Mashine nyingi za DJ, zikiwemo Technics SL-1200, zina miguu inayozungushwa kama skrubu. Izungushe mpaka povu likae katikati kwa pande zote mbili. Kisha bonyeza kila pembe kwa kidole. Pembe ikishuka, kuna mguu usiogusa chini, na mashine inayosimama kwa miguu mitatu kati ya minne haitulii hata ikiwa pima maji inaisifu.

Sababu ni nyepesi: mkono wa sindano huning'inia kama mizani, na ukiinama huteleza kuelekea upande wa chini.

Hatua ya 3: Uelekeo

Mwenye kupiga na kuunganisha nyimbo tu anaweza kuiacha mashine ikae kama ilivyotoka kiwandani, mkono ukiwa upande wa kulia. Mwenye kukwaruza santuri, yaani kuisukuma mbele na nyuma kwa mkono ili itoe mlio, aigeuze mashine robo duara kinyume na saa, ili mkono ukae upande wa mbali naye. Hapo kiganja, mkono wa kanzu na waya wa hedifoni havitaugusa. Nyaya za nyuma zisivutike. Ziache na ulegevu wa kutosha, na waya wa ethi ufungwe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti.

Hatua ya 4: Kufunga sindano

Katriji ni kile kikasha kidogo kinachobeba sindano. Nyingi huunganishwa na kichwa cha mkono kwa nyaya nne ndogo: nyekundu na kijani kwa upande wa kulia, nyeupe na buluu kwa upande wa kushoto. Kila moja iingie kwenye pini yenye rangi yake. Ukikosea, sindano haitaruka, lakini sauti itapotea au itakuwa na uvumi, nawe utaanza kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kabla ya kukaza skrubu mbili za katriji, pima umbali. Kwa Technics SL-1200, kutoka mwisho wa kichwa pale penye raba mpaka kwenye ncha ya sindano panapaswa kuwa na milimita 52. Mashine nyingine zina kipimo chao kilichoandikwa katika maelekezo. Umbali ukikosewa, sindano hukaa mshazari ndani ya mfuo, na santuri inaporudishwa nyuma kwa nguvu hupanda ukuta wa mfuo na kutoka. Katriji zilizoungana na kichwa chake, kama Concorde za Ortofon, hazihitaji kipimo hiki kwa sababu urefu wake umeshawekwa kiwandani.

Kisha ingiza kichwa kwenye mkono na kaza pete yake. Nimekuta mashine kadhaa zilizosemekana ni mbovu, na ugonjwa wote ulikuwa pete hii iliyolegea. Usitumie koleo, vidole vinatosha.

Hatua ya 5: Kusawazisha mkono na kuweka uzani

Ondoa santuri, kisha weka kitufe cha kuzuia mvuto wa ndani (nitakieleza katika hatua ya 7) kwenye 0. Vua kifuniko cha sindano, fungua kishikio cha mkono, shusha wenzo wa kunyanyulia, na uushike mkono kwa kidole wakati wote ili usidondoke.

Zungusha jiwe mbele au nyuma mpaka mkono uelee hewani wenyewe, ukiwa umelala sawasawa bila kushuka wala kupanda. Usiridhike haraka. Uguse kidogo kwa kidole ushuke, na uone kama unarudi pale pale ulipokuwa.

Sasa rudisha mkono kwenye kishikio, na bila kulizungusha jiwe lenyewe, zungusha pete ya namba iliyo mbele yake mpaka 0 ilingane na mstari wa juu ya mkono. Hapa ndipo wengi huteleza: wanazungusha jiwe na pete kwa pamoja, wanapoteza usawa walioupata, na namba zote zinazofuata zinakuwa za uongo. Baada ya hapo zungusha jiwe na pete pamoja, kuelekea mbele, mpaka ufike kwenye gramu zinazotakiwa.

Gramu hizo hutoka kwenye karatasi ya sindano, si kwa rafiki. Sindano nyingi za DJ hufanya kazi kati ya gramu 2 na 5. Kama karatasi inasema 3 hadi 5, anza na 4. Hakiki kwa mizani, huku sindano ikiwa kwenye kimo kile kile ambacho santuri ingekuwapo, na usishangae pete ikisema 4 na mizani ikasema 3.6, amini mizani.

Kwa nini usizidishe? Sindano imeshikiliwa na kijiti chembamba kilichokaa kwenye raba ndogo. Mkandamizo ukizidi, raba hubonyea mpaka mwisho, kijiti hakina tena nafasi ya kucheza, na tumbo la katriji huanza kugusa santuri. Kuanzia hapo sindano huruka zaidi kuliko mwanzo, na kila mara inapopita inakula mfuo. Ndiyo habari yote ya sarafu.

Umefaulu ikiwa mizani inarudia namba ile ile mara tatu mfululizo.

Hatua ya 6: Kimo cha mkono

Rudisha santuri na mkeka utakaotumia kweli, kwa sababu mkeka mnene hubadilisha kila kitu hapa. Shusha sindano kwenye santuri iliyosimama na utazame kwa ubavu: mkono uwe sambamba na uso wa santuri. Kadi yenye mistari iliyosimamishwa nyuma ya mkono husaidia jicho.

Ukiwa umeinama, kwanza inua sindano na uirudishe kwenye kishikio, fungua kufuli ya kimo, zungusha pete ya chini ya mkono, kisha funga kufuli. Kwenye SL-1200 pete hiyo huenda kutoka 0 hadi milimita 6. Kusahau kufuli huacha mkono mzima ukicheza kwenye kiti chake.

Wapo wakwaruzaji wanaoinua nyuma kidogo ili sindano ichimbe zaidi. Ni mtindo unaofanya kazi, lakini ujaribu baada ya kuona kuwa usawa wa kawaida haukutoshi.

Hatua ya 7: Kuzuia mvuto wa ndani

Santuri inapozunguka mbele, msuguano huivuta sindano kuelekea katikati. Kitufe hiki huivuta kwa upole kwenda nje ili ikae katikati ya mfuo. Anayepiga nyimbo bila kukwaruza aweke namba inayolingana na gramu za sindano, au namba ya mwisho ya kitufe ikiwa gramu zimeizidi.

Anayekwaruza aweke 0 au karibu na hapo. Santuri inaporudi nyuma msuguano hugeuka, na kitufe kinachoendelea kuvuta upande mmoja huwa kinasaidia kuitoa sindano badala ya kuizuia.

Hatua ya 8: Mkeka na tundu la katikati

Mkeka ukigoma kuteleza, mkono wako utaikandamiza santuri ili kuishinda, nayo itapinda na kuirusha sindano. Kata duara la plastiki nyembamba laini, lenye ukubwa wa mkeka, ulilaze kati ya mkeka na sinia. Umefaulu ikiwa unaweza kuishikilia santuri kwa ncha ya kidole kimoja huku sinia likiendelea kuzunguka chini bila kupunguza mwendo.

Angalia pia tundu. Santuri iliyotumika sana tundu lake hupanuka, nayo hucheza kila unapoisukuma. Zungushia mti wa katikati ya sinia tabaka moja la selotepu, ujaribu, uongeze la pili kama bado inacheza.

Hatua ya 9: Vumbi la Dodoma

Anayeishi kati ya Mei na Novemba katika mji huu hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Hewa ikiwa kavu, santuri inayosuguliwa hubeba umeme tuli na kuvuta vumbi kama sumaku, na upepo wa mchana humalizia kazi. Chembe hujikusanya kwenye ncha ya sindano mpaka zinafanya kijimpira cha nyuzi, na sindano inapanda juu ya kijimpira hicho badala ya kukaa ndani ya mfuo.

Kabla ya kila santuri, igusishe brashi laini ikizunguka mizunguko miwili au mitatu, kisha iburute nje polepole. Sindano isafishwe kwa brashi yake kutoka nyuma kwenda mbele tu. Ukisugua mbele kwenda nyuma unavunja kijiti. Usiipulizie kwa mdomo, kwani mate yakichanganyika na vumbi hugeuka udongo.

Santuri chafu sana ioshwe kwa yale maji ya betri na tone moja la sabuni ya maji, ukifuata mzunguko wa mfuo, kisha isuuzwe kwa maji yale yale na ikaushwe kivulini. Maji ya bomba na ya visima vya hapa yana chumvi, na ule weupe unaouona ndani ya birika ndio utakaobaki ndani ya mfuo. Spiriti isiguse kabisa santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kwa sababu huyeyusha gundi ya sheleki iliyozitengeneza. Tena hizo hazifai kupigwa na sindano ya DJ ya kawaida, maana mfuo wake ni mpana kuliko ncha.

Hatua ya 10: Besi inayorudi kwenye sindano

Sindano haijui kutofautisha mfuo na mtikisiko. Sabufa ikitikisa meza, sindano inausoma mtikisiko huo kama muziki, amplifaya inaukuza, sabufa inaurudisha ukiwa mkubwa zaidi, na mzunguko unaendelea mpaka unasikia mvumo mzito usiokoma, kisha sindano inaruka.

Jaribu hivi kabla wageni hawajafika. Zima mota, laza sindano kwenye santuri iliyosimama, na upandishe sauti taratibu hadi kiwango cha sherehe huku mkono wako mwingine ukiwa tayari kuishusha. Gonga meza kwa kidole. Ukisikia "dum" fupi inayokatika, uko salama. Ukisikia mvumo unaokua wenyewe, shusha sauti mara moja.

Dawa ya kwanza ni kuzihamisha sabufa: zisikae chini ya meza wala kwenye pembe ya ukuta nyuma yako, bali mbele ya meza, mbali, zikiwatazama wachezaji. Ya pili ni kuwasha kichujio cha sauti za chini kama mikisa au amplifaya inacho, kwani huondoa mitikisiko ya chini kabisa ambayo hakuna sikio litakalogundua kuwa imeondoka. Kupunguza besi kwenye mikisa kuwe dawa ya mwisho, kwa sababu wageni wataona.

Hatua ya 11: Kuhakiki, na kusoma jinsi sindano inavyoruka

Piga santuri unayoijua dakika moja mwanzoni, dakika moja karibu na katikati, kisha mahali pamoja uisukume mbele na nyuma mara kumi kwa nguvu ya kawaida. Ikirudi kwenye pigo lile lile kila mara, umemaliza. Usifanye jaribio hili kwa santuri za msimbo, zile zinazoiongoza programu ya kompyuta badala ya kubeba muziki, ukitumia programu kama Serato iliyowekwa kwenye hali inayopuuza mahali sindano ilipo, kwa kuwa programu itaficha kuruka kote nawe utajidanganya.

Ikiruka, tazama namna inavyoruka. Ikiruka mahali pale pale kila mzunguko, kosa liko kwenye santuri: uchafu, mkwaruzo au kupinda. Ikiruka popote bila mpangilio, rudi hatua ya 1 na ya 10. Ikiteleza kila mara kuelekea katikati, angalia usawa wa mashine na kitufe cha hatua ya 7. Ikiruka unapoivuta nyuma tu, angalia umbali wa katriji na uzito wa mkono wako mwenyewe kabla ya kuongeza nusu gramu, na usivuke kiwango cha juu cha karatasi.

Kama yote ni sawa na bado inaruka, shika kichwa cha mkono kwa upole na ukitikise kidogo sana mbele na nyuma. Ukihisi mlegeo, bolibearingi za mkono zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Sindano nayo imulike kwa tochi na lenzi: ncha iliyochakaa huonekana bapa au imekatika upande mmoja, na hakuna marekebisho yatakayoirudisha.

Ukimaliza sherehe, visha sindano kifuniko chake kwanza, vua kichwa, funga mkono kwenye kishikio, toa jiwe na sinia, na uvisafirishe kila kimoja kwenye kitambaa chake. Santuri zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kula pilau, kwa sababu jua la saa nane mchana huzipinda mpaka zikafanana na ungo.